Majilio ya Kilema: Wiki Nne Ambazo Sisi wa Mjini Hatuzioni



Kijarida hiki cha harambee hakikosi makala moja ya historia. Safari hii kamati imetuangukia sisi tunaoshika vitabu vya fedha vya umoja. Tulijitetea kwamba mhasibu akiandika historia ataandika risiti. Wakatujibu kwamba hata risiti ni historia. Basi tukaanzia kwenye risiti.

Ukifungua leja ya umoja wetu, mwaka wowote ule, utaona jambo moja. Kurasa za mapato ni nyeupe karibu mwaka mzima, halafu zinajaa ghafla kuanzia tarehe 20 Desemba hadi siku chache baada ya Mwaka Mpya. Ni wakati ambao mabasi kutoka Dar es Salaam yamekwisha kutushusha Himo, tumepanda juu, tumechinja, tumekaa kikao cha umoja, tumeahidi na baadhi yetu tumelipa. Kurasa za matumizi haziko hivyo. Kuna wagonjwa wa Machi, paa lililoezuliwa na upepo wa Agosti, ada za Julai. Tunatoa mara moja kwa mwaka, na nyumbani wanaishi miezi 12.

Tulipokuwa tunaitazama leja hiyo ndipo tukaamua kuandika kuhusu Majilio. Noeli ya Kilema kila mmoja wetu anaijua na anaweza kuisimulia. Tunachotaka kusimulia ni zile wiki nne zinazotangulia, ambazo wengi wetu hatujazikalia nyumbani tangu tulipomaliza shule.

Neno lenyewe limetokana na kuja: kuja, kujia, kujilia. Majilio ni ujio wa mtu anayekujia wewe. Kanisa la Magharibi lilikuwa na desturi ya kujiandaa kwa Noeli tangu zamani. Huko Gaul, ambayo leo ni Ufaransa, waumini wa karne za mwanzo walifunga kuanzia baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli yenyewe. Baadaye Roma ikatulia kwenye Dominika nne. Tunaitaja Ufaransa kwa sababu waliotuletea Majilio walitoka huko.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua nyumba yao Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1890 Askofu de Courmont, pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, walipanda kutoka pwani hadi mlimani kwetu. Mangi Fumba wa Kilema aliwapokea na kuwapa mahali, na misheni ikaanza. Kilema ikawa misheni ya kwanza ya Kikatoliki Kilimanjaro, kabla ya Kibosho na kabla ya Rombo. Kupokea wageni hakukuwa jambo jipya kwetu, kwani Johannes Rebmann, Mjerumani aliyeleta Ulaya habari za theluji ya Kilimanjaro, alikuwa amefika Kilema mwaka 1848, enzi za Mangi Masaki. Wazungu wale hawakumwamini kuhusu theluji. Wazee wetu walikuwa wanaiona kila asubuhi wakienda kukata majani ya ng'ombe.

Mnaweza kujiuliza Majilio yaliwezaje kuota mizizi mahali ambapo Desemba haina baridi wala giza la mapema. Maelezo ya Ulaya kuhusu mshumaa unaowashwa usiku mrefu wa kipupwe hayana maana sana kwa mtu aliyeko ikweta. Sisi tunadhani, na hapa tunatoa maoni yetu tu, kwamba Majilio yaliota Kilema kwa sababu yalikuta tayari kuna desturi mbili zilizoyangoja.

Ya kwanza ni isale. Vijana waliozaliwa mjini wanaliona jani hilo kama mmea wa mpaka wa kihamba tu. Mchaga akikukosea, akikuletea isale ameomba msamaha kwa namna isiyokataliwa. Huwezi kulipokea jani kisha ukaendelea na kinyongo, na kulikataa ni jambo zito kuliko kosa lenyewe. Sasa chukua watu wenye desturi hiyo, uwaambie kwamba kuna wiki nne za kutengeneza mambo na Mungu na jirani kabla Bwana hajaja. Hawahitaji kuelezwa mara mbili. Bibi yetu alitusimulia kwamba katika utoto wake, kabla ya kupanga mstari wa kitubio wiki ya mwisho ya Majilio, baba yake alipita kwanza kwa majirani. Alisema huwezi kumweleza padre habari ya mpaka wa shamba kabla hujamweleza mwenye mpaka.

Ya pili ni msaragambo. Mifongo yetu, ile mifereji inayoshusha maji kutoka msituni hadi vihambani, isingedumu bila watu kutoka pamoja siku iliyopangwa kuizibua. Asiyetoka alijua atakachokosa. Misheni ilipoanza kuhitaji njia, kanisa na madarasa, haikulazimika kubuni utaratibu wa kazi za pamoja. Uliokuwapo ulitosha. Ndiyo maana kwetu kutengeneza njia ya Bwana, kama nabii anavyosomwa katika Dominika ya pili ya Majilio, hakukubaki maneno ya mimbarini. Watu walishika majembe wakatengeneza njia kweli. Walifyeka kingo, wakafukia mashimo ya mvua za vuli, wakaweka mawe kwenye utelezi ambapo wazee wangeteleza wakielekea Misa ya usiku.

Kulikuwa pia na kalenda ya shamba. Wamisionari walipanda kahawa ya arabika Kilema tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka pale na kwenye misheni nyingine zao ikaenea vihambani. Wakulima wakajiunga katika chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikasajiliwa KNCU. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka hadi Desemba hivi. Kwa hiyo Majilio yalikutana na miezi ambayo mikono bado ina kazi ya kuchuma, kumenya na kuanika, lakini fedha ya chama cha msingi imeanza kuonekana. Familia ilijua kile kinachoingia kinakwenda wapi: zaka, ada ya Januari, bati, na nguo moja ya Noeli kwa kila mtoto. Mama yetu anaikumbuka nguo yake ya mwaka wa kipaimara kuliko anavyokumbuka harusi yake, na hilo baba hakulipenda.

Kiutawala, Kilimanjaro ilitengwa na Bagamoyo ikawa vikariati yake mwaka 1910, na mwaka 1953 ikawa Jimbo la Moshi. Tunayapita hayo haraka maana waandishi wengine wameyaeleza vizuri. Tunachotaka kukiokoa ni namna watu walivyoishi, kwa sababu wanaokumbuka wanapungua.

Kwa wazee wetu, Majilio yalikuwa na ukimya. Ngoma zilinyamaza na harusi zilisogezwa hadi baada ya Noeli. Misa ilikuwa ya Kilatini. Mkesha wa Noeli ulikuwa siku ya kufunga. Kabla ya mabadiliko ya Papa Pius XII katika miaka ya 50, aliyetaka kukomunika hakutakiwa kuonja chochote tangu usiku wa manane, hata maji. Basi mfikirieni mtu wa kigango cha juu, aliyeamka saa tisa usiku, amembeba mtoto mgongoni, ameshika kurunzi au mwenge wa migomba mikavu, anashuka mteremko na tumbo tupu ili awahi Misa ya alfajiri. Aliporudi nyumbani saa tano ndipo alipokula. Tulipomwuliza bibi kama hawakulalamika, alituuliza tulalamike kwa nani.

Katekista alikuwa mtu mkubwa katika wiki hizo. Padre alikuwa mmoja na vigango vilikuwa vingi. Katekista ndiye aliyejua nani hajabatizwa, nani anaishi na mke bila ndoa, nani amegombana na ndugu yake tangu mwaka juzi. Alipita nyumba kwa nyumba na daftari. Sisi wahasibu tuna heshima ya pekee kwa daftari lile. Halikuwa na hesabu za fedha, lakini lilikuwa na mizania ya kijiji kizima: nani yumo, nani hayumo, na nani anadaiwa kutembelewa.

Kisha mambo yakabadilika, na inashangaza ni mara ngapi yalibadilika ndani ya Majilio yenyewe. Uhuru wa Tanganyika ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, wiki ya kwanza ya Majilio, siku moja baada ya sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipitisha hati ya Liturujia tarehe 4 Desemba 1963, tena katika Majilio, na kwa hati hiyo mlango wa Misa kwa lugha za watu ukafunguliwa. Misale mpya ikaanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio mwaka 1969. Kwa watu waliozoea kuitikia Kilatini kwa kukariri, kusikia maneno yote ya Misa kwa Kiswahili ilikuwa kama mtu aliyekuwa akizungumza na baba yake kupitia mlango, na sasa mlango umefunguliwa. Si wote waliofurahi. Babu alisema Kilatini kilikuwa kizuri kwa sababu hata padre akikosea hakuna anayejua.

Badiliko ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote ni la miaka ya 70, pale maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, walipoamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Daftari la katekista likagawanywa. Kaya chache zinazopakana zikapewa jina la mtakatifu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kila wiki zikakutana nyumbani kwa mmoja wao kusali, kusoma Injili na kujuliana hali. Mtu wa mjini anaweza kudhani jumuiya ni kikao cha sala. Kwa kweli ni kikao cha kuhesabiana. Ukikosa, wanauliza uko wapi.

Sisi tuliozaliwa miaka ileile na iliyofuata tulikulia ndani ya Majilio ya jumuiya. Nyakati zilikuwa ngumu. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na sabuni na sukari vilipatikana kwa mgao au kwa njia zisizoandikwa kwenye kijarida. Wakubwa wanasimulia jinsi mpaka ulivyofunguliwa Novemba 1983, siku chache kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio, na jinsi mkate wa Taveta ulivyorudi mezani kwa amani. Sisi wenyewe tunakumbuka ya baadaye kidogo. Tunakumbuka shada la majani mabichi kanisani na mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, na ubishi wetu kuhusu nani atauwasha ule wa waridi katika Dominika ya tatu, Dominika ya Furaha. (Hatukujua wakati huo kwamba shada lile ni zawadi ya Walutheri wa Ujerumani, lilianza Hamburg karne ya 19. Ndugu zetu wa Mamba na Marangu wanaweza kutudai.) Tunakumbuka novena ya siku tisa kabla ya Noeli, kila jioni nyumba nyingine, watoto mbele na taa ya chemli. Nyumba iliyopokea jumuiya ilipika kilichopo, ndizi mara nyingi, na chai ya maziwa.

Na Jumamosi za Majilio tulipangiwa wazee. Watoto wa Utoto Mtakatifu walibeba kuni na maji. Vijana wa VIWAWA walipanda darini kuziba bati. Akina mama wa WAWATA walikandika, walifua mablanketi, walikaa na mgonjwa mchana kutwa ili anayemuuguza apumzike. Mzee mmoja jirani yetu, asiyekuwa na mtoto, alitungoja kila mwaka na mkungu wa ndizi mbivu, akitusema kwamba tumechelewa hata tulipowahi. Hatukuambiwa kwamba tunajifunza dini. Tuliambiwa twende tukachote maji.

Halafu tukaondoka.

Sababu zake ni za kihasibu. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa kwa kugawa viwango vya mauzo ulivunjika, na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 90 soko la kahawa nchini likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vya msingi vikayumba. Kihamba kilichokuwa kimegawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi kilikuwa kimekwisha kuwa kidogo. Mzazi aliyesomeshwa na kahawa hakuweza kumsomesha mwanawe kwa kahawa hiyohiyo. Miti ikang'olewa au ikaachwa izeeke, na vijana wakashuka: Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam, na wengine nje ya nchi. Wengine walibeba biashara, wengine vyeti. Hatuoni aibu kwa hilo. Mshahara wa mjini ndio uliojenga nyumba za tofali mnazoziona leo na kulipa ada ambazo kahawa haikuweza tena.

Lakini ukitazama kwa makini, kilichohama si Noeli. Noeli imekua. Magari ni mengi, Misa ya mkesha haina pa kusimama, mbege haitoshi. Kilichopungua ni Majilio. Nguvu kazi ya Majilio ndiyo iliyopanda basi. Jumuiya iliyokuwa na vijana wa kupanda darini leo ina akina mama wa miaka 70 wanaomtazama mwenzao wa miaka 85. Tukifika tarehe 23 tunakuta njia imefyekwa, pango limetengenezwa, kanisa limesafishwa, na hatuulizi ni nani aliyeshika panga. Baadhi yetu tumewahi hata kulalamika kwamba njia haikufyekwa vizuri na gari limechubuka.

Tuliandika hapo juu kwamba sisi ni wahasibu. Inabidi sasa tuandike kwamba sisi pia ni watoto wa mtu.

Miaka michache iliyopita, wiki ya pili ya Majilio, mama yetu alianguka nyumbani. Anaishi peke yake tangu baba alipofariki. Tuko watoto wanne, sote mjini, sote tuna kazi, na tulikuwa na utaratibu tuliojivunia: kila mwezi mmoja wetu alikusanya na kumtumia fedha kwa simu, na tulikuwa na jedwali la nani ametoa na nani bado. Jumanne ile alianguka jikoni, nyonga ikavunjika, simu ikiwa chumbani. Jumatano asubuhi tukamtumia fedha ya mwezi kama kawaida. Ujumbe ukarudi kwamba muamala umekamilika. Tukaweka alama kwenye jedwali. Hakuna aliyeshtuka kwamba hakupiga kutuambia asante, kwa sababu wakati mwingine huchelewa.

Dada mmoja aliyekuwa akimletea maziwa alikuwa amesafiri wiki hiyo. Mbwa alibweka, lakini mbwa hubweka.

Jumatano jioni ilikuwa zamu ya jumuiya kusali nyumba ya jirani wa tatu kutoka kwake. Walikuwa saba tu. Mwenyekiti, mama mtu mzima ambaye naye hutembea kwa mkongojo, aliwahesabu kabla ya kuanza rozari akasema huyu hajawahi kukosa Majilio. Akamtuma mjukuu wake wa miaka tisa aende kumwita. Mtoto akarudi mbio. Walimkuta amelala kwenye sakafu ya jiko, amejifunika gunia, bado ana fahamu. Walimbeba kwenye kiti hadi barabarani, wale wazee, kwa kupokezana, maana hapakuwa na kijana karibu. Mmoja wao aliumia mgongo na hadi leo haujapona sawasawa.

Mama alitibiwa, anatembea na gongo, na ataisoma makala hii kwa sababu tulimwomba ruhusa. Alikubali kwa sharti moja: tusiandike kwamba aliachwa. Anasema hakuachwa, watoto walikuwa kazini. Tumeheshimu neno lake. Lakini sisi wenyewe, tuliporudi Dar es Salaam na kufungua lile jedwali letu, tuliona alama ya Jumatano imekaa palepale, ya kijani, inasema kila kitu kimelipwa.

Tumelisimulia hilo kwa sababu tunajua si letu peke yetu. Kuna nyumba Kilema ambazo taa ya nje inawaka mwaka mzima kwa umeme wa jua tulioulipia sisi, na ndani kuna mtu mmoja. Fedha tunatuma. Anayehesabu watu kabla ya rozari ni mama mwenye mkongojo, na yeye hatumtumii kitu.

Tulirudi kwa mwenyekiti yule Noeli ileile, sote wanne, na mbuzi. Mbuzi alipokelewa. Tulipoanza maneno ya shukrani alitukatisha. Alisema mbuzi ni wa Noeli, naye ana shida ya Majilio: wanajumuiya hawawezi tena kupanda dari, na kuna nyumba tatu zinavuja. Kama tunataka kushukuru, tuje mwaka unaofuata kabla ya Dominika ya tatu, tuvae nguo za kazi. Mmoja wetu alisema Desemba tunafunga hesabu za mwaka ofisini, likizo ni ngumu. Akajibu kwa Kichaga neno ambalo kwa Kiswahili cha heshima ni kwamba hata Bwana hakuchagua mwezi wenye nafasi.

Mwaka uliofuata tulikwenda wawili, kwa siku nne, wengine wawili wakabaki na kazi. Hatukuwa mafundi wazuri. Tulichelewesha watu zaidi ya tulivyosaidia, na bati moja tuliligonga misumari upande usio wake. Jioni tulikaa kwenye jumuiya na watu kumi na mmoja, tukasikia majina ya wagonjwa yakitajwa moja baada ya jingine, na tukagundua kwamba nusu ya majina hayo ni wazazi wa watu tunaokutana nao Dar es Salaam kwenye vikao vya umoja, na kwamba watoto wao hawajui. Usiku ule tulipiga simu sita.

Kutokana na hayo, na baada ya kushauriana na kamati pamoja na wenyeviti wa jumuiya, harambee ya mwaka huu ina mambo mawili ambayo hayakuwapo. La kwanza ni mfuko mdogo wa jumuiya, utakaogawanywa mwanzoni mwa Majilio badala ya baada ya Noeli: bati, misumari, mablanketi, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali, na salio la simu kwa mwenyekiti wa kila jumuiya ili aweze kutupigia sisi. Kiasi si kikubwa. Tumekikokotoa mara tatu. Kinaweza kutoka tukipunguza crate za soda na bia kwenye sherehe ya umoja, jambo ambalo tunajua litaleta maneno, na tuko tayari kuyasikia.

La pili ni daftari. Tumeomba kila mwanachama aandike jina la mzazi au mzee wake aliyeko Kilema, jumuiya yake, na namba ya jirani mmoja. Fomu iko ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki, karibu na picha za wadhamini. Tunajua watu hawapendi kujaza fomu. Jazeni hii.

Msaragambo wa njia ya kwenda kanisani utakuwa Jumamosi kabla ya Dominika ya pili ya Majilio, saa moja asubuhi. Hadi tunapeleka kijarida hiki kiwandani, watu kumi na wanne wa mjini wameandikisha majina. Mapanga yapo, lakini ni mabovu, kwa hiyo anayekuja aje na la kwake. Mama amesema atapika mtori.